Kadi 'nzuri kwa umri wake' ilifika ikiwa na mkunjo

Mtoto wa dada yangu ana miaka 11, anaishi Marekani na wazazi wake. Kwa miezi kadhaa aliweka akiba apate kadi moja ya Pokémon. Mama yake akaongeza kilichopungua, wakainunua kwenye mnada wa mtandaoni. Maelezo yalisema kadi ni 'nzuri kwa umri wake, inavutia macho'. Ilipofika, nyuma ilikuwa na mkunjo kutoka kona hadi kona. Picha ya mnadani ilionyesha mbele tu.

Dada alipolalamika, alijibiwa kwamba hakuna mahali walipoandika kuwa haina mkunjo. Halafu wakamwonyesha sharti la kuuza vitu 'kama vilivyo', chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Mimi huandika habari za afya. Daktari akiandika kwenye faili 'mgonjwa anaendelea vizuri' bila kutaja presha wala joto la mwili, muuguzi wa zamu inayofuata atamtafuta. Kwenye minada ya kadi, maneno ya namna hiyo ndiyo yanayojaza ukurasa: 'nadra', 'ya kipekee', 'rangi zinang'aa'. Hizo ni sifa tu. Mnunuzi anataka kujua kama kadi ina mkunjo, kama kona zimechakaa, na kama imewahi kusafishwa, kupakwa rangi au kukatwa kingo.

Hilo la kingo si dogo. Kadi ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner ilitolewa kati ya 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara (ndiyo, sigara, na watoto walizikusanya). Mwaka 1991 nakala moja iliuzwa Sotheby's, New York, kwa dola 451,000. Waliyoinunua ni Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafuni, na Bruce McNall. Kampuni ya PSA, inayopima ubora wa kadi kwa alama 1 hadi 10, iliipa 8. Mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8.

Minong'ono kwamba ilikatwa haikuisha. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa na kampuni kubwa ya mnada, alikiri mbele ya mahakama ya Chicago kuwa ndiye aliyeikata pembeni, kabla hata haijafika Sotheby's. Matangazo ya kampuni yake yalijivunia kadi hiyo bila kulitaja hilo. Alikiri pia kupandisha bei za minada kwa madau ya uongo, na mwaka 2015 akafungwa miezi 20.

Siku hizi dada huomba picha za pande zote mbili, kadi ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga, na huuliza kwa maandishi: mnajua kadi hii imewahi kufanyiwa nini? Mara mbili ameambiwa asome maelezo. Hakununua.

Mtoto amekataa kuirudisha ile ya kwanza. Ameiweka kwenye fremu, upande wa mbele.