Kasoro ya Kiwandani katika Pikipiki Mpya: Hatua za Mnunuzi Anayeishi Mpakani

Katika Wilaya ya Rubavu, pikipiki ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha starehe. Hupeleka abiria kutoka mjini Gisenyi hadi vituo vya mpaka, huteremsha viazi kutoka Busasamana na Mudende, na katika kaya nyingi ndiyo inayolipa karo ya watoto. Aghalabu hununuliwa kwa mkopo. Kwa hiyo mmiliki anapoona mafuta yakivuja au breki ikilegea katika juma la kwanza, wazo linalomjia upesi ni kumwita fundi wa jirani ili siku ya kazi isipotee. Makala haya yanaeleza kwa nini haraka hiyo huweza kumpotezea mnunuzi haki yake, na hatua zipi azifuate badala yake.

Kasoro ya kiwandani ni ipi?

Ni hitilafu iliyokuwamo ndani ya chombo kabla hakijamfikia mnunuzi: chuma kisichochomelewa sawasawa, kipuri kilichotengenezwa vibaya, au waya uliopitishwa mahali unapobanwa. Hata viwanda vikubwa havikusalimika. Mwezi Mei 2021, kampuni ya Royal Enfield ya India ilitangaza kuziita karakana pikipiki 236,966 za aina za Meteor, Classic na Bullet. Majaribio ya kampuni yenyewe yalikuwa yamebaini kwamba koili ya kuwashia ingeweza kuifanya injini ikose nguvu na, kwa nadra, kusababisha shoti ya umeme. Pikipiki hizo zilikuwa zimetengenezwa kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021. Tukio hilo linaonyesha kwamba kasoro ya namna hii mara nyingi hukumba fungu zima lililotengenezwa katika kipindi kimoja. Ndiyo sababu inafaa kuwauliza wamotari wenzako walionunua aina hiyo hiyo kama nao wameona dalili hizo, na kuihifadhi vyema nambari ya chesisi, maana ndiyo inayoutambulisha kila chombo katika fungu lake.

Ipo pia kasoro ya uunganishaji. Pikipiki nyingi zinazoletwa Afrika Mashariki husafirishwa ndani ya masanduku, baadhi ya sehemu zikiwa zimetenganishwa. Usukani, gurudumu la mbele, betri na vioo hufungwa huku kwetu na mafundi wa muuzaji. Nati isiyokazwa huko dukani huweza kudhaniwa kuwa kosa la kiwanda. Kwa mnunuzi, tofauti hiyo haibadilishi mlango wa kwanza wa kubisha: muuzaji aliyepokea fedha ndiye wa kuulizwa kwanza.

Aina ya tatu ni uharibifu wa matumizi: kubeba mzigo kupita kiasi, kutumia oili isiyofaa, au kupuuza huduma ya kwanza iliyoelekezwa katika kitabu cha mmiliki. Muuzaji asiyetaka kuwajibika atadai kwamba tatizo lako ni la aina hii. Hapo ndipo umuhimu wa ushahidi unapoonekana.

Dalili za kuangaliwa mapema

Geuza usukani kulia na kushoto huku injini ikiunguruma. Taa ikizimika au injini ikikatika, huenda waya umebanwa karibu na shingo ya usukani. Inua gurudumu la mbele, kisha usukume na kuuvuta uma wake. Ukicheza, beringi za usukani hazikukazwa au zina hitilafu. Chunguza viungo vilivyochomelewa kwenye fremu: mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi mpya huweza kuwa ufa. Moshi wa buluu usiokoma huonyesha kwamba injini inaunguza oili. Katika umwagaji wa oili wa kwanza, vumbi laini la chuma si ajabu, kwa kuwa sehemu mpya bado zinazoeana. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni jambo jingine.

Kasoro ya breki, usukani, gurudumu au fremu haisubiri kesho. Barabara itokayo Musanze huteremka kwa muda mrefu kabla ya kufika Gisenyi, na mteremko huo haumpi dereva nafasi ya pili. Simamisha chombo. Anayefahamu kwamba breki zake ni mbovu kisha akaendelea kupakia abiria hujitwika lawama ambayo awali haikuwa yake. Ajali ikitokea, itakuwa vigumu kwake kukilaumu kiwanda peke yake.

Ushahidi kabla ya matengenezo

Kasoro huthibitika vizuri zaidi ikiwa haijaguswa. Fundi wa mtaani akifungua injini au akibadilisha kipuri, hata kwa nia njema, muuzaji hupata hoja ya kusema kwamba uharibifu uliletwa na fundi huyo, na dhamana nyingi hukoma pale ambapo chombo kimefunguliwa na mtu asiyeidhinishwa. Kwa hiyo:

Piga picha na video za kasoro, pamoja na kilomita zinazosomeka kwenye mita siku hiyo.

Andika barua fupi kwa muuzaji ukieleza tarehe ya ununuzi, nambari ya chesisi, nambari ya injini, kasoro na siku ilipoonekana. Toa nakala mbili. Moja ibaki kwako ikiwa na saini ya aliyeipokea. Malalamiko ya mdomo husahaulika, au hukanwa.

Tunza risiti ya mashine ya EBM, kitabu cha dhamana na uthibitisho wa kila huduma iliyofanywa.

Muuzaji akikubali kutengeneza, dai karatasi inayotaja kilichobadilishwa. Kasoro ile ile ikirudi mara ya pili na ya tatu, karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha kwamba tatizo liko ndani ya chombo.

Ikiwa ulikopa, mwarifu mkopeshaji kwa maandishi, lakini usisitishe marejesho kwa uamuzi wako mwenyewe. Mkataba wa mkopo na mkataba wa mauzo ni mambo mawili, na pikipiki inaweza kukamatwa kwa deni kabla shauri la kasoro halijasikilizwa.

Ununuzi unaovuka mpaka

Gisenyi na Goma ni miji iliyoshikana, lakini sheria zake ni mbili. Nchini Rwanda, ulinzi wa mnunuzi umewekwa katika Sheria Nambari 36/2012 ya 21/09/2012 inayohusu ushindani na ulinzi wa watumiaji wa bidhaa, na mamlaka ya RICA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, ndiyo inayosimamia eneo hilo. Upande wa Kongo, amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba humwajibisha muuzaji kwa kasoro iliyofichika inayokifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Lakini humtaka mnunuzi kuchukua hatua ndani ya muda mfupi. Anayenyamaza miezi mingi hudhoofisha dai lake mwenyewe.

Aliyenunua ng'ambo hulazimika kurudisha chombo huko kikatengenezwe, na hapo ndipo hati za forodha huhitajika. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama huo haukuondoa wajibu wa kutangaza chombo mpakani. Pikipiki iliyopitishwa njia za panya haina hati ya kuivusha tena, na mwenye nayo huogopa kulalamika hadharani asije akaulizwa iliingiaje. Wauzaji wasio waaminifu wanaujua woga huo. Bei iliyoonekana nafuu hugeuka hasara isiyo na pa kushtakiwa.

Kuna pia pikipiki iliyokwisha kutumika inayopakwa rangi na kuuzwa kama mpya. Linganisha nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu na ile ya ankara kabla ya kulipa. Nambari kamili ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, na haina herufi I, O wala Q. Mwanzo wake hutaja chimbuko: L ni China, na MA hadi ME ni India. Mahali pa nambari pakiwa pamekwaruzwa au pamechomelewa upya, usilipe; toa taarifa.

Nani aendewe?

Anza na muuzaji, kisha mwagizaji wa aina hiyo ya pikipiki. Mkishindwa kuelewana, peleka malalamiko RICA, au fika ofisi ya msaada wa sheria ya wilaya, ijulikanayo kama MAJ, upate ushauri bila malipo kuhusu hatua inayofuata, ikiwemo mahakama.

Polisi haiamui nani arudishiwe fedha katika ugomvi wa kawaida wa biashara. Inahusika pale penye hatari barabarani, ajali, nambari iliyofutwa, hati za kughushi au chombo kinachoshukiwa kuwa cha wizi. Upelelezi wa makosa ya jinai hufanywa na RIB. Katika dharura piga 112, na kwa ajali za barabarani 113.

Kupoteza siku mbili ukiandika barua na kusubiri jibu ni hasara inayoonekana. Lakini mnunuzi mwenye risiti, barua iliyopokelewa na chombo ambacho hakijafunguliwa ana la kusema mbele ya muuzaji, mbele ya RICA na mbele ya hakimu. Tena abiria wake hawakupanda pikipiki ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuitilia shaka.