Mitungi Sita ya Kiwayu

Msomaji wa Mombasa ambaye hajapata kusafiri kaskazini huenda akadhani kwamba ukifika Lamu umefika mwisho wa pwani yetu. Sivyo. Ukiipita Lamu bado kuna Manda, bado kuna Pate pamoja na miji yake ya Siyu, Faza na Kizingitini, bado kuna Ndau, ndipo Kiwayu ijitokeze, kisiwa chembamba na kirefu, upande mmoja kikielekea mikoko na bara, upande wa pili kikielekea bahari kuu. Huko ndiko tulikokwenda mwezi wa Februari, familia tano, watu 27 wakubwa kwa wadogo, wakati kaskazi ilikuwa imekomaa na mvua za vuli zimekwisha kusahauliwa.

Tuliondoka Lamu baada ya swala ya Alfajiri ili tuwahi maji kujaa katika mkondo wa Mkanda, kwa kuwa maji yakitoka njia ile huwa haba na chombo huweza kukwama kwenye matope baina ya mikoko. Watoto walilala mikononi mwa mama zao hadi jua lilipopanda. Tulipotoka kwenye mkondo na kuikuta bahari pana, waliamka wote kwa pamoja wakaanza kuuliza kama tumefika. Nahodha akawajibu kwamba bado, na akawajibu hivyo mara nyingi.

Kijiji tulichofikia hakina hoteli wala gari wala duka la kushinda lile la sukari, majani ya chai na betri. Nyumba nyingi ni za makuti, zimejengwa mahali palipoinuka, na chini yake ni mchanga mweupe ambao kwa mwendo wa saa nzima huoni alama ya mguu isipokuwa wa kaa. Wenyeji ni ndugu zetu Wabajuni. Kaskazi ndiyo majira yao ya rizki, kwa sababu bahari hutulia na maji hung'aa, na mzamiaji huweza kuona chini ya mwamba alikojificha kamba. Walituonyesha namna wanavyomvua: huchukua pweza wakamfunga kwenye ncha ya ufito, wakamwingiza ndani ya pango la mwamba. Kamba humwogopa pweza kupita kiasi. Akimwona hutoka mbio, na mzamiaji yuko mlangoni anamngoja. Vijana wetu waliokulia Majengo na Kisauni walikaa wakitazama jambo hili kuliko tulivyopata kuwaona wakitazama simu zao.

Hayo ni mazuri ya safari, na wengine wamekwisha kuyaeleza kwa ufundi kutushinda. Sisi tunataka kuzungumza habari ya maji.

Kiwayu haina mto. Kijiji hutegemea jabia. Kwa wasiolijua neno hili, jabia ni sakafu pana iliyopigwa saruji, zamani chokaa, ikainamishwa upande mmoja ili mvua inayoiangukia itiririke na kuingia katika tangi lililojengwa pembeni, lililofunikwa ili jua na ndege wasiyaharibu maji. Hesabu yake ni nyepesi hata kwa mtoto wa chuoni: mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Sakafu tuliyoiona ni kiasi cha mita 20 kwa 15, yaani mita 300 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu mjini tungeilalamikia kwa kutuchelewesha kazini, huwapa wao lita 3,000, nayo ni mitungi 150 ya lita 20. Kisha mvua hukatika, na hayo yaliyomo ndiyo ya kunywa, kupika, kuoga na kumwosha maiti, mpaka masika yaje Aprili.

Tulipofika, wanawake wa kijiji walitupokea kwa maneno ya Kibajuni ambayo watoto wetu waliyacheka kidogo kisha wakaanza kuyaiga. "Karibuni, ndooni kivulini." Wakatutandikia mikeka chini ya mikoma. Haukupita muda wakaja wasichana wanne kutoka upande wa jabia, wamejitwika mitungi ya maji. Walikwenda na kurudi hadi mitungi ikatimia sita. Tukawashukuru. Tukawaombea dua. Wala haikutupitikia kuuliza maji yale yametoka katika fungu la nani.

Kilichofuata tunakieleza kwa aibu. Watoto waliingia baharini, wakatoka, wakamiminiwa maji baridi kuondoa chumvi. Wakaingia tena, wakatoka tena, wakamiminiwa tena. Mwenzetu mmoja alisuuza vyombo ambavyo vilikuwa havijachafuka. Ulipofika wakati wa Adhuhuri, sisi tuliotangulia kutawadha tuliinamisha mtungi mzima mzima, maji yakawa yanamwagika mchangani huku tukizungumza, kama tulivyozoea kufungua bomba nyumbani na kuliacha likienda. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, jambo ambalo lilituokolea udhu mmoja, lakini hatukulifanya kwa kuyaonea maji huruma. Tulilifanya kwa kuwa ni ruhusa. Kabla ya jua kupinda vyema, mitungi mitano ilikuwa mitupu na wa sita ulibakiwa na robo.

Habari ilitufikia kupitia kwa wake zetu. Jioni wanaume tulikuwa ufuoni na wavuvi, nao walikuwa uani kwa bi mkubwa mmoja anayeshika ufunguo wa kufuli ya jabia. Mama watoto alimwona mwanamke wa jirani akija na mtungi mtupu, na bi mkubwa akimwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, leo hapana, subiri kesho." Mama watoto akauliza. Bi mkubwa hakutaka kusema. Aliposhikiliwa ndipo akaeleza kwamba katika miezi hii kila nyumba hugawiwa mitungi miwili kwa siku, na ya leo ya nyumba tatu imekwenda kwa wageni. Akaongeza mara moja, "Lakini mgeni ni baraka, msije mkasikitika."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeisema kwenye harusi na kwenye futari, nasi usiku ule ilitukaa kooni.

Baada ya Isha kijana mmoja wa darasa letu, wa miaka 14, alituuliza swali ambalo lilipasa kuulizwa asubuhi: je, maji ya bahari yanafaa kutawadhia, au chumvi yake huyatoa katika hukumu ya maji? Tulikaa kimya kidogo. Tunaisomesha Safina kwa zaidi ya miaka 20. Mlango wa maji tunaujua kwa moyo. Bahari ilikuwa hatua 50 kutoka kwenye mikeka yetu, nasi tulitawadha kwa maji ya kunywa ya watu wenye kiu.

Jibu, enyi ndugu na dada zetu, ni kwamba yanafaa bila ya shaka. Chumvi ya bahari ni umbile lake, si kitu kilichochanganywa nayo, na kwa hivyo maji yake ni maji ya mutlaki, hutawadhia, huogea josho la janaba na la hedhi, na hustanjia. Swali hili waliwahi kuliuliza mabaharia wenyewe. Ameipokea Abu Hurayra (R.A.) habari ya mtu aliyemjia Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba wao hupanda bahari na huchukua maji kidogo, wakiyatawadhia watapatwa na kiu, Mtume akamjulisha kwamba maji ya bahari hutwaharisha, na akamzidishia faida ambayo hakuiuliza, kwamba kilichokufa cha baharini ni halali. Mtu yule alikuja na shida ile ile ya Kiwayu.

Tena tuwatanabahishe wanaodhani kwamba penye mchanga mwingi njia nyepesi ni kutayamamu. Kwanza, bahari ipo, na mwenye kuweza kuitumia hana udhuru. Pili, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i tayamamu hutaka udongo wenye vumbi, na mchanga wa ufuoni uliooshwa na mawimbi hauna vumbi la kushika mkono.

Na kiasi? Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nacho ndicho kibaba cha bibi zetu, karibu lita moja kasoro theluthi. Tulifanya hesabu kwa kidole juu ya mchanga, na yule kijana akituhakikishia. Watu 27, kila mmoja kibaba chake, hawafikishi lita 20. Mtungi mmoja ungalitutosha sote na kubaki.

Asubuhi yake mambo yalibadilika. Wanaume na wavulana walitawadhia baharini. Kwa wanawake palikuwa na suala la sitara, nalo bi mkubwa alilimaliza kwa maneno mawili: upande wa kusini pana kihori kilichozungukwa na miamba, na wanaume wa kijiji hawapiti huko asubuhi wala alasiri, na desturi hiyo ni ya zamani. Wake zetu walirudi kutoka kihorini wakicheka, mabuibui yamelowa hadi magotini, na mmoja wao alisema kuwa hajapata kutawadha akiwa na nafasi namna ile tangu alipoolewa. Hatukuuliza zaidi. Watoto waliachwa na chumvi zao mwilini mpaka jioni, wakapata kibaba kimoja kimoja cha kujisuuza uso, na hakuna aliyedhurika.

Nahodha tulimtuma bara na mitungi yote tuliyokuwa nayo. Alirudi na 14. Bi mkubwa alikataa kuipokea kuwa ni malipo, na mjadala ulikuwa mrefu. Hatimaye alikubali kwamba ni amana ya nyumba tatu na akaisimamia mwenyewe kuigawa. Kwa upande wa taka, tulirejea na zetu zote, zikiwemo nepi za watoto, ambazo baadhi ya wageni huzifukia mchangani wakadhani wamezificha. Eneo hili ni hifadhi ya bahari ya Kiunga tangu 1979, na plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za nchi yetu tangu Juni 2020. Bahari yenyewe huleta za kutosha. Tuliokota ndara za mguu mmoja mmoja zisizo na idadi, na tukaambiwa kwamba tangu miaka ya 1990 akina mama wa sehemu hizi hulikusanya jambo hilo wakalifanya kazi ya mikono, wakachonga kutokana na ndara zile samaki na kasa wa kuchezea.

Siku ya tatu, kabla ya kuondoka, tulimuuliza bi mkubwa kama kuna haja tunayoweza kusaidia. Tulitarajia ataje nguo, au tende, kwa kuwa Ramadhani haikuwa mbali. Alituchukua mpaka jabiani. Akatuonyesha ufa uliokata sakafu kutoka ukingo wa juu hadi karibu na mdomo wa tangi, mpana kuweza kuingiza vidole viwili, na ndani yake umeota mchicha pori uliokauka. Mvua ikinyesha, alisema, sehemu ya maji huteremka humo na kupotelea ardhini kabla ya kufika tangini. Mafundi wapo pale pale kijijini, na mchanga na kokoto zipo. Kinachokosekana ni saruji, kwa kuwa kila mfuko hulipiwa nauli ya chombo kutoka Lamu, na nauli huzidi kupanda kila wanapouliza.

Mzee mmoja mvuvi, ambaye bado huhesabu mwaka kwa miongo kama walivyofanya wazee wake tangu Nairuzi, alisimama nasi akahesabu kwa vidole. Akasema siku zilizobaki kabla ya masika si nyingi, na saruji nayo hutaka wiki kadhaa za kukauka na kumwagiwa maji ili ishike. Alipotamka neno maji, bi mkubwa alimtazama, na wote wawili wakacheka.

Familia zile tano zimechangishana. Mifuko 12 ya saruji imekwisha kununuliwa na imefunikwa kwa turubai gatini Mokowe, ikingoja chombo cha Jumatatu. Fundi ametuarifu kwa simu kwamba ufa umekwisha kusafishwa na mchicha umeng'olewa.