Moyo wa Baba Hujengwa Angali Mtoto

Wanaume wengi hupimwa presha kwa mara ya kwanza siku ile wanapoanguka kazini. Hapo jamaa huulizana: Je, ni huzuni? Ni kazi nyingi? Au kuna mtu aliyemtendea ubaya? Wachache hukumbuka kuuliza juu ya sahani aliyolishwa alipokuwa na miaka miwili.

Wasomaji wapenzi, katika mwaka 1953 waganga wa jeshi la Marekani walitangaza uchunguzi wao juu ya mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita ya Korea. Askari hao walikuwa vijana wa miaka 22 hivi. Walakini, kwa kila mioyo 100, ipatayo 77 ilikutwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayoilisha damu. Baadaye, tangu miaka ya 1970, mganga Gerald Berenson na wenzake waliwapima watoto wa mji wa Bogalusa, katika jimbo la Louisiana, wakawafuata hata walipokuwa watu wazima. Waliona ya kuwa mafuta huanza kushika kuta za mishipa tangu utotoni, na ya kwamba mtoto aliye na presha kupita wenzake mara nyingi hukua nayo.

Basi, tuingie jikoni. Ulimi hufundishwa kama vile mkono unavyofundishwa kuandika: mtoto aliyezoezwa chumvi nyingi huizoea na kuitafuta. Shirika la Afya Ulimwenguni lataka chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja. Ya mtoto iwe pungufu zaidi. Tena makayabu yana chumvi yake tayari, vivyo hivyo na zile kube za kukoleza mchuzi. Samaki huyo alowekwe usiku kucha, maji yakibadilishwa mara kwa mara. Sehemu ya mtoto itolewe katika chungu kabla ya kutiwa chumvi ya wakubwa. Mama mzee atanung'unika kwamba chakula hakina ladha, na anung'unike.

Usingizi nao hudharauliwa. Sisi walimu huwatambua upesi watoto waliokesha: saa nne ya asubuhi vichwa vyao viko juu ya meza. Mtoto asiyelala vya kutosha hunenepa kwa urahisi, na unene huinua presha. Katika mwaka 2019 Shirika lile lilishauri kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 alale saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Acheze na kukimbia saa 3 kila siku. Wala asikae mbele ya televisheni au simu kupita saa 1.

Najua baba wengi hurudi usiku, nao humwamsha mtoto ili wacheze naye. Upendo huo ni wa kweli, lakini saa yake si nzuri. Afadhali baba aamke mapema kidogo, wanywe uji pamoja kabla ya kazi.