Tumbo likikataa maziwa, usimshuku aliyekukaribisha

KATIKA nyumba nyingi yuko mtu mmoja ambaye akinywa maziwa hana raha tena. Muda si mrefu tumbo hujaa gesi, hunguruma na hata kuendesha. Wengine husema anadeka. Na ikiwa maziwa hayo aliyanywa kwa jirani, huenda jirani naye akashukiwa bure. Mara nyingi hakuna wa kulaumiwa. Kinachokosekana ni kimeng'enya.

Vimeng'enya ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili, pamoja na kazi nyingine, zikivunje chakula. Mwili hauwezi kufyonza nyama au ugali ulivyo. Sharti vikatwe vipande vidogo mno. Tafuna ugali mtupu kwa muda, nawe utauonja ukigeuka mtamu. Hapo kimeng'enya cha mate kinakata wanga kuwa sukari. Nyama nayo ikifika tumboni, pepsini huanza kukata protini zake, na tripsini ya kongosho huendeleza kazi hiyo katika utumbo mwembamba. Mpishi wa mishikaki anayepaka nyama papai bichi hutumia njia iyo hiyo, kwani utomvu wa papai una papeini, ambayo hukata protini na kulainisha nyama.

Hata hivyo, kila kimeng'enya kina kazi yake. Mwaka wa 1894 mwanakemia Mjerumani, Emil Fischer, alifananisha jambo hili na ufunguo na kufuli. Pepsini, hata ikiwa tele, haiwezi kukata sukari.

Sukari ya maziwa huitwa laktosi, na ufunguo wake ni laktesi. Mtoto mchanga huwa nayo ya kutosha, lakini kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, ikivuta maji. Huko bakteria huichachusha, na gesi hutokea.

Mbona basi wafugaji wengi hunywa vibuyu vizima bila shida? Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2007, uliwachunguza watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Ulionyesha kwamba baadhi yao wamerithi mabadiliko yanayoiacha laktesi ifanye kazi hata utu uzimani. Kwa hivyo, hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana mezani.

Asiyeyaweza maziwa si lazima ayaache kabisa na kukosa protini na madini ya mifupa. Ajaribu kiasi kidogo pamoja na chakula, au maziwa lala. Katika maziwa lala, bakteria wamekwisha kuivunja sehemu ya laktosi.

Akina mama nao wasikosee hapa. Mtoto akiharisha, laktesi yake yaweza kupungua kwa muda, lakini hiyo si sababu ya kumnyima ziwa. Maziwa ya mama humrudishia maji na nguvu. Endelea kumnyonyesha na umpeleke kliniki. Na mtu yeyote anayeharisha damu, anayekonda au mwenye homa asisingizie maziwa. Amwone daktari upesi.