Meli ya Mombasa ibaki mchangani

Chini ya kuta za Ngome ya Yesu, upande wa bandari ya kale ya Mombasa, kuna meli ya vita iliyozama Oktoba 1697. Jina lake ni Santo António de Tanna. Wareno waliiunda Bassein, pwani ya magharibi ya India, nayo ilitoka Goa kuwasaidia wenzao waliozingirwa ngomeni na Waomani tangu Machi 1696. Ilizama palepale ilipokuja kutoa msaada, na Desemba 1698 ngome ikatekwa. Kati ya 1977 na 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishirikiana na wanaakiolojia wa baharini kutoka nje kuichimba. Wapiga mbizi walipima mkuku, mataruma na mbao, wakaopoa vitu vilivyokuwamo, kisha wakafanya jambo linalowashangaza wengi hadi leo: mwili wa meli wakaufukia tena. Naamini walifanya sawa, na mabaki mengine ya pwani hii yanastahili kutendewa vivyo hivyo.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni Vasa. Waswidi waliinua meli yao ya 1628 kutoka bandari ya Stockholm mwaka 1961, na leo ina jumba lake la makumbusho. Kwa nini Mombasa isiwe na lake? Jibu limo ndani ya mbao zenyewe. Ubao uliokaa majini karne tatu haujabaki na nguvu zake: kuta za chembechembe zake zimeliwa, na kinachoushikilia umbo ni maji yaliyojaa ndani. Uanike juani, maji yatoke, nao utajikunja na kupasuka kama muwa uliokamuliwa. Kwa hiyo Vasa ilinyunyiziwa kwa miaka 17 dawa inayofanana na nta, ili ichukue nafasi ya maji hayo. Hata hivyo, mwaka 2000 iligundulika kwamba salfa iliyoingia mbaoni kutoka maji machafu ya bandari, ikichochewa na kutu ya misumari, ilikuwa ikigeuka asidi ndani ya meli ile ile iliyotunzwa kwa gharama kubwa. Mchanga wa Mombasa hauhitaji bajeti ya namna hiyo. Unazuia hewa, na pasipo hewa wadudu watoboao mbao hawaishi.

Wengine husema meli isiyoonekana haina faida kwa mwananchi. Lakini vitu vilivyoopolewa vimo katika makumbusho ya ngome, na vile vipimo vya mbao havikuozea kabatini: mwaka 2007 msomi mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas A&M aliwasilisha utafiti ulioiunda upya meli nzima katika michoro kutokana na vipimo hivyo. Meli iliyofukiwa iliendelea kufundisha miaka 27 baada ya wapiga mbizi kuondoka. Linganisha na ile ya karne ya 9 iliyopatikana 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, kama mitepe ya Lamu, na bakuli moja la shehena yake lina tarehe ya mwaka 826. Kwetu ni jamaa wa karibu wa vyombo vya babu zetu, vilivyokwisha kutoweka. Kampuni ya biashara iliopoa kauri zipatazo 60,000, na shehena hiyo ikauzwa Singapore kwa takriban dola milioni 32. Wanaakiolojia walilalamika kwamba uchimbaji ulikimbizwa kwa ajili ya soko, na mwaka 2011 maonyesho yaliyopangwa Marekani yakaahirishwa. Kauri tunazo, lakini nyuzi na matundu ya mshono, ambayo fundi wa Lamu angeyasoma kuliko mtu yeyote, ndiyo yaliyohitaji subira.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya wezi na mikondo. Ni kweli, mchanga husogea, na asiyechunga hukuta mbao ziko wazi. Kwa hiyo kufukia si kusahau: panatakiwa wapiga mbizi wa kukagua kila baada ya misimu michache, ramani inayofahamika na wasimamizi wa bandari, na mapatano na wavuvi, kwani wao ndio wanaojua nyavu zinanasa wapi. Mabaki ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambako wapiga mbizi wamekuta pembe za ndovu na vinoo vya shaba, yanangoja uamuzi huohuo, na wavuvi wa Ngomeni wapo baharini kila alfajiri kabla ya mkaguzi yeyote kufika.