Ng'ombe wa Kale Hutambulika Kisogoni

Asubuhi katika bucha za Mwera, wilayani Pangani, kichwa cha ng'ombe huwekwa kando kikiwasubiri wapika supu. Kabla hakijapigwa shoka, omba ukigeuze ukitazame kwa nyuma. Utosini, baina ya pembe mbili, pana ukingo wa mfupa. Hapo ndipo paji la uso linapokomea. Kwa ng'ombe, mfupa wa paji hupanda kutoka juu ya macho hadi kileleni, ukaisukuma mifupa mingine ya paa la fuvu hadi ikashukia kisogoni. Pembe nazo zimeota kwenye ncha za ukingo huo, nyuma kabisa.

Nyati wa hifadhi ya Saadani hayuko hivyo. Pembe zake zimekaa mbele zaidi, na kwa dume mashina yake hunenepa hata yakakaribia kugusana juu ya paji. Nyuma ya pembe hizo bado kuna sehemu ya fuvu inayojitokeza. Tofauti hii ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo mtaalamu wa visukuku huyatafuta, maana mara nyingi hana kingine cha kushika ila mifupa na meno. Hata pembe tunayoiona kwa macho si mfupa. Ni ala ya dutu ileile ya kwato na kucha, nayo huoza. Kinachodumu ni kiini cha mfupa kilichomo ndani.

Kiini hicho kina maisha yake. Ndama anapozaliwa, kichipukizi cha pembe kipo kwenye ngozi tu, hakijashikana na fuvu. Hushikana na mfupa wa paji akifikisha miezi miwili hivi. Baadaye uwazi uliomo ndani ya paji hupenya hadi kwenye kiini. Ndiyo sababu maofisa mifugo huwahimiza wafugaji kuunguza vichipukizi mapema: ukimkata pembe ng'ombe aliyekwisha kukua, unafungua tundu hadi ndani ya paji lake, na vidonda vya hapo ni vya taabu.

Sasa turudi kwenye visukuku, twende Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Hans Reck, mwanajiolojia wa Kijerumani, alianza kuchimba huko mwaka 1913, na mwaka 1928 akamtangaza mnyama aliyempa jina la Pelorovis oldowayensis. Alikuwa na uso mrefu mwembamba, na viini vya pembe vilivyoanzia nyuma ya kichwa vikachepuka kando kwa pinde pana, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama mita moja. Ongeza ala iliyooza, upate picha ya mnyama asiyeweza kupita kichakani. Reck alimhesabu kuwa wa jamaa ya kondoo. Katika miaka ya 1950 watafiti Louis na Mary Leakey walichimba eneo la BK, hapohapo Olduvai, wakakuta mabaki ya wanyama hawa wengi katika udongo uliokuwa kinamasi, pamoja na zana za mawe. Mwaka 1967 mtaalamu wa visukuku Alan Gentry aliyapitia mafuvu upya na kumweka mnyama huyu katika kundi la ng'ombe na nyati.

Kwa muda mrefu jitu jingine la Afrika lilibebeshwa jina hilohilo la Pelorovis: nyati wa kale mwenye pembe ambazo, kutoka ncha hadi ncha, zilipita mita mbili. Lakini uso wake ni mfupi na mpana, na pembe zake zimekaa kinyati. Leo wengi humwita Syncerus antiquus, ndugu wa karibu wa nyati wetu. Mifupa yake imepatikana Lukenya na Rusinga, nchini Kenya.

Ubishi uliobaki ni wa ng'ombe wenyewe. Mwaka 2009 lilitangazwa fuvu la Buia, Eritrea, lenye umri wa takriban miaka milioni moja, likatajwa kuwa la spishi mpya ya ng'ombe. Waliolichambua wanasema ukoo wa ng'ombe ulitokana na Pelorovis wa Afrika. Wengine wanautafuta Asia. Mimi naona pembe kukaa nyuma hakutoshi kuthibitisha undugu, kwa kuwa umbo kama hilo linaweza kuzuka katika koo mbili tofauti. Mwenye kutaka kunishawishi anionyeshe na magego.

Hata hivyo, ng'ombe mwenye nundu wa Mwera hakufugwa kutoka kwa majitu ya Olduvai. Asili ya nundu ni ng'ombe mwitu wa bara Hindi, waliofugwa bonde la Indus miaka kama 8,000 iliyopita. Jamaa zao wa mwisho wa porini barani Ulaya walikwisha Jaktorów, Poland, mwaka 1627.

Wala usiende kumtafuta Pelorovis katika mapango ya Amboni, Tanga. Mawe yale ya chokaa ni ya enzi ya Jurasiki, yalitandazwa baharini mamilioni mengi ya miaka kabla mnyama yeyote wa jamaa ya ng'ombe hajatokea duniani. Fuvu la nyati ukilikuta porini upande wa Mkwaja, lipige picha mbele, ubavuni na kisogoni, kisha liache palepale. Kumiliki nyara ya Serikali bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. La ng'ombe ni lako, mradi umlipe mwenye bucha.