Bima ya bei nafuu iliniacha na deni la mama

Mwaka jana nilinunua bima ya afya vile tunavyonunua bando: nikatafuta ya bei ya chini. Ajenti alinionyesha mbili. Moja Sh12,000 kwa mwaka, nyingine Sh26,400. Nikachukua ya kwanza, nikaweka kadi mfukoni, nikajiona nimejipanga.

Miezi mitatu baadaye bodaboda ikaniangusha Thika Road. Hospitalini nikapigwa eksirei, nikashonwa nyuzi saba, nikapewa dawa. Bili: Sh11,500. Nikatoa kadi. Dada wa mapokezi akaiangalia, akanihurumia.

"Hii ni ya kulazwa tu, kaka. Wewe unaenda nyumbani leo."

Yaani ningeumia zaidi ndio walipe! Ikabidi nimpigie mama. Pesa alizotuma zilikuwa karo ya mdogo wangu.

Nilikasirika, nikaapa kununua ile ghali. Halafu nikapiga hesabu. Tofauti ya bima hizo ni Sh14,400. Bili yangu haikufika hapo. Kosa langu halikuwa kununua ya bei nafuu. Kosa ni kwamba sikujua imeacha nini, na ile tofauti niliitafuna.

Kwa hivyo usianze na bei. Uliza: inalipia kutibiwa na kurudi nyumbani, ama kulazwa tu? Hospitali iliyo karibu na keja yako iko kwenye orodha? Kuna pesa utatoa mfukoni kila ukienda? Utangoja muda gani? Bima nyingi hazilipii uzazi mpaka miezi kadhaa ipite, wakati mwingine karibu mwaka. Kama una pumu au mnapanga mtoto, ile ghali inaweza kukufaa, lakini inunue mapema.

Na usisahau SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ukiwa umeajiriwa, unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sisi wa kujitafutia tunakadiriwa mapato, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na inalipwa ya mwaka mzima. Hata kabla hujalipa, jisajili: huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma vya level 2 na 3 ni bure kwa aliyesajiliwa.

Mwaka huu nimebaki na bima ileile ya Sh12,000. Kila mwezi naweka Sh1,200 kando, za kliniki, na sizigusi.

Deni la mama bado nalipa polepole.